Zana za afya za kidijitali mpakani Kwapa: nani anaandika, nani anasoma

Kwapa ni gombolola ya wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, iliyogusana na Kenya. Ng'ambo ya mpaka iko Teso Kaskazini, ndani ya kaunti ya Busia. Hadi mwaka 1902 magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na watu wa jamii moja wakajikuta chini ya serikali mbili. Wateso wa pande zote bado wanaoana, wanazikana na kuuziana mahindi na ng'ombe. Wakiugua, wanakwenda kwenye kituo kilicho karibu au kinachosemekana kina dawa, na nchi ya kituo hicho ni jambo la baadaye.

Katika robo karne iliyopita pande zote mbili zimepokea zana nyingi za afya za kidijitali. Nyingine zimeingia katika kazi za kila siku kiasi kwamba hakuna anayezitaja tena. Nyingine zilizinduliwa kwa shangwe kisha zikafifia. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba madaktari wanaogopa mabadiliko na wagonjwa wa vijijini hawana elimu. Kabla ya kuyakubali au kuyakataa maelezo hayo, inafaa tufuate hatua kwa hatua jinsi zana hizi zinavyofanya kazi, na tuone kila hatua inamgharimu nani na inamfaidi nani.

Tuweke kwanza maana ya maneno mawili. Zana ya afya ya kidijitali, katika makala haya, ni kifaa au programu yoyote inayobeba taarifa za afya kwa njia ya kielektroniki: ujumbe mfupi unaomkumbusha mgonjwa kumeza dawa, programu ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii, kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa, au mfumo wa taifa wa takwimu za magonjwa. Kupokea zana ni zaidi ya kuletewa. Kituo kinaweza kuletewa kompyuta, wafanyakazi wakapewa mafunzo na picha zikapigwa, na zana isiwe imepokelewa. Nitasema zana imepokelewa pale tu ambapo ikikosekana kazi inakwama, na mtu anajitokeza kuidai.

Sasa tuangalie ni nani hasa anayetakiwa kuitumia. Mfumo wa afya wa Uganda unaanzia kijijini kwa watu wa kujitolea wanaojulikana kama VHT, unapanda kwenye kituo cha ngazi ya II, kisha cha III, kisha cha IV, halafu hospitali. Kwa mpangilio wa wizara, daktari wa kwanza anapatikana ngazi ya IV. Kituo cha ngazi ya III, ambacho ndicho kinachohudumia gombolola kama Kwapa, kinaongozwa na tabibu akisaidiwa na wauguzi, wakunga na mtu wa maabara. Upande wa Kenya, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 navyo vinaendeshwa na wauguzi na matabibu, na mgonjwa anapelekwa hospitali kama ya Kocholya pale hali inapozidi. Kwa hiyo tunapouliza kama madaktari wa huku wamezipokea zana, tunauliza habari za tabibu mmoja mwenye foleni mlangoni na mkunga mwenye mama aliyeshikwa na uchungu chumba cha pili. Dakika zao ndizo sarafu ambayo zana hulipiwa.

Tumfuate mgonjwa mmoja wa kufikirika. Mama anafika na mtoto mwenye homa. Mkononi ana daftari la shule alilonunua dukani. Uganda, wagonjwa wengi wa nje wa vituo vya serikali hutembea na daftari kama hilo, na ndilo faili lao. Tabibu anaandika humo dalili, kipimo anachotaka na tarehe. Taarifa zilezile anaziandika, au mwenzake anaziandika, kwenye rejista kubwa ya wagonjwa wa nje. Maabara ina rejista yake. Dirisha la dawa lina rejista yake. Mwisho wa mwezi mtu anakaa chini na rejista hizo, anahesabu kwa vijistari wangapi walikuwa na malaria, wangapi walikuwa chini ya miaka mitano, wangapi walipewa rufaa, na jumla anaijaza kwenye fomu ya mwezi iitwayo HMIS 105. Kenya ina fomu zake zinazofanya kazi hiyohiyo, kama MOH 705. Jumla hizo ndizo zinazoingizwa kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo inaendesha DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyotokana na mradi ulioanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, na ambayo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, Uganda ikafuata mwaka 2012. Ni zana iliyopokelewa kwa maana kamili niliyoitaja: ikizimika wiki moja, wizara mbili zinapapasa gizani.

Lakini tazama taarifa zinaelekea wapi. Zinapanda kutoka kituoni kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda Kampala au Nairobi. DHIS2 inashughulika na jumla. Inajua watoto wangapi waliugua malaria Tororo mwezi uliopita. Haijui kama mtoto huyu aliyeko mbele ya tabibu alitibiwa malaria wiki mbili zilizopita na dawa gani. Huo si upungufu wake, kwa kuwa iliundwa kujibu swali la kwanza, na swali hilo ni zito. Watafiti waliopima Nagongera, wilayani Tororo, mnamo 2011 na 2012 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa majumbani ulianza wilayani humo mwishoni mwa mwaka 2014, na bila hesabu za kila mwezi isingewezekana kuona kama unazaa matunda. Takwimu zinaokoa watu. Ila anayezitoa jasho ni muuguzi wa kituoni, na anayezisoma yuko mbali naye.

Ugumu unaongezeka pale kompyuta inapoletwa kituoni kwenyewe bila karatasi kuondolewa. Rejista za karatasi ni kumbukumbu rasmi. Mkaguzi akija anazitaka. Umeme ukikatika ndizo zinazobaki. Basi muuguzi anaandika kwenye daftari la mgonjwa, anaandika kwenye rejista, kisha anatakiwa kuchapa maneno yaleyale kwenye kompyuta. Uandishi wa mara mbili umekuwa wa mara tatu, na mgonjwa wa arobaini bado yuko benchi. Akiacha kuchapa ili amhudumie huyo wa arobaini, ripoti ya tathmini itaandika kwamba wafanyakazi hawakuwa tayari kwa teknolojia. Naona ni hesabu sahihi iliyofanywa na mtu mwenye dakika chache.

Upo mfano wa kinyume, na haukutoka mbali. Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi ya leo, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walifungua mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki uliokuwa mdogo kabisa: kompyuta za kawaida, mashine ya kuchapisha, na betri ya sola kwa ajili ya umeme unaokatika. Walipima muda kabla na baada. Muda wa ziara ya mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda ambao mtoa huduma alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, na muda wa mgonjwa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38. Ripoti za wizara, zile zilizokuwa zikihesabiwa kwa vijistari, zilitoka kwenye mashine.

Fikiria asilimia 58 hiyo. Kompyuta ya Mosoriot iliondoa kazi iliyokuwepo, na faida ikaanguka mikononi mwa yuleyule aliyeombwa kuitumia. Hakuhitaji kuhubiriwa.

Kutokana na kazi ya Mosoriot, na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret zilizokuwa zikikua kwa kasi, ilizaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Mpango wa AMPATH wa Eldoret ulipeleka kliniki na kumbukumbu zake hadi kaunti ya Busia. Juu ya OpenMRS hiyohiyo ukajengwa mfumo wa taifa wa Kenya wa kliniki za UKIMWI, KenyaEMR, na ule wa Uganda, UgandaEMR. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji tukifika mpakani.

Simu imekuwa na njia nyepesi zaidi ya kuingia kuliko kompyuta, na sababu zake zinafundisha. Mwaka 2011 Uganda ilianzisha mTrac, mfumo ambao mfanyakazi wa kituo anatuma kila wiki, kwa ujumbe mfupi wa simu yake mwenyewe, idadi ya wagonjwa wa magonjwa ya mlipuko na akiba ya dawa za malaria iliyobaki. Raia naye alipewa nambari ya kulalamikia huduma bila kutaja jina. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kenya lililohusisha wahudumu 119 katika vituo 107 vya vijijini, pwani na magharibi. Wahudumu waliopangiwa walipokea ujumbe mfupi mara mbili kila siku ya kazi kwa miezi sita, ukiwakumbusha mwongozo wa kutibu malaria kwa watoto, pamoja na maneno ya kutia moyo. Utoaji sahihi wa dawa ulipanda kwa pointi 23.7 za asilimia zaidi ya wasiopokea, na miezi sita baada ya ujumbe kusimamishwa tofauti ilikuwa pointi 24.5. Hakuna aliyejazishwa fomu. Simu ilikuwa tayari mfukoni, na kilichofika humo kilikuwa msaada kwa mgonjwa wa asubuhi ileile.

Kwa mgonjwa hesabu ni nyingine, kwa kuwa yeye halipi kwa dakika za kazi. Analipa kwa vocha, kwa chaji ya betri, kwa umakini wake, na wakati mwingine kwa siri yake. Majaribio matatu ya Kenya, yote yakihusu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, yanaonyesha jinsi malipo hayo yanavyopimwa.

La kwanza lilifanyika Chulaimbo, kituo cha mashambani jirani na Kisumu. Wagonjwa walipewa simu; baadhi wakakumbushwa dawa kila siku, baadhi mara moja kwa wiki. Miongoni mwa waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dozi zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku hawakupata nafuu yoyote ya maana. Kinachosemwa kila siku kwa maneno yaleyale, sikio hukizoea.

La pili, lililochapishwa mwaka 2010, lilihusu watu 538 katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Kila Jumatatu muuguzi alituma ujumbe wenye neno moja: Mambo? Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, Sawa au Shida. Aliyejibu Shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Asilimia 62 ya waliokuwa kwenye mpango waliripoti kumeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wengine, na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Ujumbe haukutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Mume, mkwe au mtoto akiishika simu anakuta salamu tu. Siri ililindwa kwa namna ujumbe ulivyotungwa, bila kufuli wala nywila, na upande wa pili palikuwa na mtu anayepiga simu. Vitu hivyo viwili, naamini, ndivyo vilivyofanya kazi kubwa.

Jaribio la tatu lilitumia njia hiyohiyo ya salamu ya kila wiki huko Kibera, kwa lengo tofauti kidogo: kuwazuia watu wapya wasiache kliniki katika mwaka wao wa kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti kati ya waliotumiwa ujumbe na wasiotumiwa; karibu wanane kati ya kila kumi walibaki, kila upande. Hili linahitaji kusomwa kwa utulivu. Zana ileile, nchi ileile, karibu lugha ileile, na matokeo mawili. Kliniki ambayo tayari inashikilia wagonjwa wengi inaiachia simu nafasi ndogo ya kusaidia, na anayeacha kliniki kwa sababu amehamia mahali pengine hazuiwi na salamu. Anayeuza zana kwa kuonyesha jaribio moja lililofaulu anamnyima mnunuzi nusu ya ushahidi.

Sasa turudi Kwapa tukiwa na mizani hiyo, tuipime simu ya mpakani. Mtu wa huku mara nyingi ana laini mbili, ya Uganda na ya Safaricom ya Kenya, kwa sababu biashara yake iko pande mbili na fedha zake zinapita kwenye mitandao miwili. Laini iliyoandikishwa kliniki huenda ndiyo iliyotolewa simuni leo. Simu yenyewe huenda ni ya kitochi, inashirikiwa na nyumba nzima, na inachajiwa kwenye senta ya maduka. Lugha ya nyumbani ni Kiteso; ujumbe ukija kwa Kiingereza cha ofisini unamfikia mwenye shule, tena baada ya mtoto kuusoma kwa sauti. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Sheria imeacha nje data ya huduma za tiba na elimu, lakini bando likinunuliwa kioskini halijui litafungua nini. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Kwa sababu hizi zana inayofanya kazi bila mtandao, ikihifadhi taarifa simuni hadi mtandao upatikane, ina nafasi kubwa ya kudumu huku. Programu za wahudumu wa afya ya jamii zilizojengwa kwa mtindo huo zilionekana mapema kaunti ya Busia kupitia shirika la Living Goods, na mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowapa wahudumu wa jamii takriban laki moja simu na mikoba ya vifaa, programu waliyopewa ilikuwa ya ukoo huohuo.

Kuna pia zana zinazopokelewa kwa amri. Mwaka 2020, virusi vya korona vilipoingia, Uganda iliamua kuwapima madereva wote wa malori mpakani. Foleni ya kituo cha mpakani cha Malaba ilienda kilomita nyingi ndani ya Kenya, watu wakilala chini ya matela wakisubiri majibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na mizigo, ambamo cheti cha kipimo kilichotolewa nchi moja kilionekana na maofisa wa nchi nyingine. Madereva waliutumia, kwa kuwa asiyeutumia hapiti. Dharura ilipokwisha, sababu ya dereva kuufungua ilikwisha nayo. Lakini kabla hatujauweka kando, tukumbuke kwamba ulithibitisha jambo moja: serikali hizi zikitaka, taarifa ya afya ya mtu mmoja huvuka Malaba na kuaminiwa upande wa pili.

Amri nyingine imekuja kupitia bima. Oktoba 1, 2024 Kenya iliacha mfuko wa NHIF na kuanza Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo usajili wake, madai yake na malipo yake vinapita kwenye mfumo wa kidijitali. Mtu anajisajili hata kwa simu ya kitochi, kwa kupiga *147#. Mwanzoni utambulisho kituoni ulitegemea nambari ya siri ya mara moja iliyotumwa kwenye simu ya mgonjwa, kisha alama za vidole zikaanza kuchukua nafasi yake. Kwa mtu wa Nairobi mwenye simu yake, hatua hiyo ni ya sekunde chache. Bibi wa Teso ambaye simu iko na mwanawe sokoni anasimamishwa dirishani. Na kwa raia, mlango wa usajili ni kitambulisho cha Kenya. Binti aliyeolewa kutoka Kwapa, mwenye nambari ya utambulisho ya Uganda tu, alikuwa akipokelewa zahanati ya ng'ambo kwa sura na jina. Mashine haimjui kwa sura wala kwa jina la baba yake.

Hapo tumefika kwenye kiini. Chukua mwanamke mwingine wa kufikirika. Ameanza dawa za UKIMWI katika kituo cha wilaya ya Tororo. Anaolewa upande wa Teso Kaskazini, au anafuata vibarua huko, anaingia kliniki ya Kenya na kuendelea na dawa. Tarehe zake za Tororo zinapita. Mfumo wa Uganda unamweka kwenye orodha ya waliopotea. Mtu wa kujitolea anatumwa kijijini kumtafuta, na muda wa kumtafuta unatolewa kwa mgonjwa mwingine aliyepotea kweli. Mfumo wa Kenya unamhesabu kuwa mteja mpya, na tabibu wa huko, asiyejua alishatumia dawa gani wala kipimo chake cha mwisho cha virusi kilisomaje, anaanza kumuuliza maswali. Jibu analipata akifungua daftari la shule alilokuja nalo, ikiwa hajaliacha kwa hofu ya mume mpya kulisoma.

Mtu angedhani shida ni ya kiufundi, kwamba kompyuta za nchi mbili hazielewani. Hapa ndipo tunalihitaji lile jambo la Mosoriot. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya OpenMRS ileile. DHIS2 ya Nairobi na ya Kampala ni programu moja. Hata programu za wahudumu wa jamii za nchi zote mbili zimetokana na zana huria ileile ya shirika la Medic. Ni nadra kukuta nchi mbili zinazopakana zikiwa na mifumo iliyokaribiana kiasi hiki. Kinachokosekana ni vitu vitatu ambavyo hakuna mtaalamu wa programu anayeweza kuvitoa peke yake.

Cha kwanza ni utambulisho. Mifumo miwili inaweza kuulizana habari za mtu pale tu inapokubaliana kwamba huyu ni huyu. Uganda inatumia nambari yake ya taifa, Kenya yake, na majina ya Kiteso yanaandikwa kwa tahajia tofauti na karani wa kila upande. Cha pili ni ruhusa. Nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na mwaka 2023 Kenya ikaongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali. Sheria hizi hazikatazi taarifa kuvuka. Zinaweka masharti, yakiwemo ya ridhaa ya mhusika na ya ulinzi wa kutosha kule zinakokwenda. Lakini masharti yasiyoandikiwa utaratibu, kwa muuguzi mwoga wa kushtakiwa, ni sawa na katazo. Cha tatu ni wajibu: hakuna ofisi ambayo kazi yake iliyoandikwa ni kumjibu tabibu wa ng'ambo.

Lipo pia suala la nani analipia mashine zisizimike, ingawa hili nitalipitia kwa kifupi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kliniki za UKIMWI pande zote mbili ilijengwa na kuendeshwa kwa fedha za Marekani, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla. Rwanda ilishaonja jambo la namna hiyo mwaka 2023, huduma ya Babyl iliyokuwa na mamilioni ya watu waliosajiliwa ilipofungwa baada ya kampuni mama ya Uingereza kufilisika. Mgonjwa aliyezoea zana na kunyang'anywa ataikaribia inayofuata kwa tahadhari, na ana haki.

Tumefuata njia ya kutosha sasa kuweza kuamua. Hoja ya woga wa madaktari na ujinga wa wagonjwa haisimami. Tabibu wa Mosoriot, wahudumu waliopokea ujumbe katika jaribio la malaria, na wagonjwa waliojibu Sawa na Shida walikuwa watu haohao wa nchi hizihizi. Walizipokea zana zilizowapunguzia kazi au zilizowarudishia kitu. Wanaozikwepa wanakwepa zana zinazowaandikisha mara tatu kwa manufaa ya msomaji wa mbali. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeleta zana Kwapa ni hili: itaondoa rejista ipi? Kama jibu ni kwamba hakuna rejista itakayoondolewa, basi alete pia mtu wa kuichapa, au asiilete kwanza.

Kwa mgonjwa wa mpakani uamuzi wangu ni mkali zaidi. Mfumo wa kielektroniki unaoishia kwenye nguzo ya mpaka unamhudumia vibaya kuliko daftari la shule, hata ukiwa umejengwa kwa ustadi wote. Daftari linalowa mvua, linapotea na halifichi siri, lakini linafika Kocholya. Kwa hiyo mgonjwa anayeling'ang'ania na kuipuuza kompyuta anachagua kwa akili. Nasikitika kila ninaposikia akihesabiwa kuwa kizuizi cha maendeleo.

La kufanya halihitaji mfumo mpya. Ofisi za afya za wilaya ya Tororo na kaunti ya Busia zinaweza kukubaliana kwa maandishi juu ya karatasi moja ya uhamisho inayochapishwa na mfumo wowote kati ya hiyo miwili: dawa anazotumia mgonjwa, tarehe aliyoanza, kipimo cha mwisho, nambari yake ya kliniki, na saini yake ya ridhaa. Karatasi hiyo ikunjwe, ibandikwe ndani ya daftari, na upande unaoipokea uwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo ambaye siku hiyohiyo atautumia upande wa kwanza ujumbe mfupi kwamba mgonjwa amefika. Tororo itamfuta kwenye orodha ya waliopotea; Busia haitamhesabu kuwa mpya. Nambari ya pamoja ya utambulisho na kuunganisha mifumo kwa mtandao vitafuata pale serikali mbili na Jumuiya ya Afrika Mashariki zitakapokubaliana, na hilo litachukua miaka. Makubaliano ya karatasi na ujumbe mfupi yanaweza kutiwa saini na maofisa wawili wa afya ambao ofisi zao haziko mbali.